Shafti ya korona haisomi cheti

Jani la mkonge likishakatwa halingoji mtu. Likikaa shambani zaidi ya siku mbili hivi linaanza kukauka, nyama yake inang'ang'ania singa, yaani nyuzi zake, na hata mashine nzuri haiwezi tena kulisafisha sawasawa. Ndiyo maana korona, mashine inayotoa singa kwenye majani, inaposimama Korogwe au Muheza kwa sababu ya shafti moja iliyokatika, bei ya shafti huwa jambo dogo. Hasara yenyewe iko shambani, kwenye matita yanayonyauka huku watu wakipigiana simu kutafuta fundi.

Naanzia huko kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu vyuo vya ufundi huanzia kwenye ajira za vijana na huishia hapohapo. Tunauliza wamehitimu wangapi, wamejiajiri wangapi, wamepewa vitendea kazi au hawakupewa. Swali ambalo silisikii likiulizwa kwenye mahafali ni hili: ukikifunga chuo hicho leo, ni kiwanda gani cha Tanga kitakwama kesho? Nadhani jibu la kweli ni kwamba hakuna. Walimu wapo, wengine hodari sana, na wanafunzi wanajituma. Ila tumewafundisha vijana kutengeneza kilichoharibika, na kuzalisha bado hatujawafundisha.

Kutengeneza ni kuchukua kipuri kilichokufa na kukifanya kiendelee kwa namna yoyote ile. Mafundi wa Ngamiani wanaliweza hilo, na wengine wana kipaji cha kushangaza. Kuzalisha ni kutoa vipuri 20 ambavyo chochote kati yake kinaingia mahali pake bila kupigwa nyundo. Na cha 21, kitakachoagizwa mwakani na kuchongwa na mtu mwingine kwa mchoro uleule, nacho kiingie. Hapo ndipo uhandisi mitambo unapoachana na gereji. Wazazi wengi wa Tanga hawajaiona tofauti hiyo, na siwalaumu, kwa kuwa vyuo vyenyewe haviwaonyeshi.

Tuingie ndani ya korona kidogo, maana ndiko hoja yangu iliko. Jani hupondwa kwanza, kisha hupigwa na ngoma yenye visu butu inayozunguka kwa kasi karibu na bamba lililopinda. Ngoma ya kwanza husafisha upande mmoja wa jani, ya pili humalizia upande uliobaki, maji yakimwagika muda wote. Kila kitu kinategemea nafasi iliyopo kati ya kisu na bamba. Ikizidi, singa hutoka na nyama, hukauka ikiwa na ukijani, na daraja lake linashuka sokoni. Ikipungua, visu vinakata singa na mali inakwenda na maji machafu. Singa yenyewe ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Huna pa kupotezea.

Nafasi hiyo inashikiliwa na beringi, na beringi inashikiliwa na shafti. Chukua mfano wa beringi ya kawaida ya gololi yenye tundu la milimita 50. Kwa kazi nyingi za mzigo wa kawaida, majedwali ya kimataifa yanataka shafti yake iwe kati ya milimita 50.002 na 50.018. Unywele wa mtu una unene wa milimita 0.07 hivi, kwa hiyo nafasi yote ya kukosea inayoruhusiwa hapo haifiki hata robo ya unywele. Shafti ikiwa nyembamba, pete ya ndani ya beringi huteleza na kuila shafti taratibu. Ikiwa nene mno, gololi zinabanwa, beringi inapata moto na kufa mapema. Sasa angalia vernia, kifaa cha kupimia ambacho karibu kila karakana inacho. Vernia ya kawaida husoma hadi milimita 0.02, wakati nafasi tunayoizungumzia ina upana wa milimita 0.016. Hatua ndogo kabisa ambayo vernia inaweza kuiona ni kubwa kuliko kosa lote linaloruhusiwa. Anayekereza shafti hiyo kwa vernia anabahatisha, hata kama ana miaka 30 kazini. Anahitaji maikromita, kipimo kinachoona hatua ndogo zaidi, anahitaji kujua kuisoma, na kabla ya hayo anahitaji kujua kwamba jedwali lipo.

Kuna na suala la chuma chenyewe. Shafti iliyolika hujazwa kwa kuchomelewa, kisha hukerezwa irudi kwenye kipimo chake. Njia hiyo si mbaya, na inatumika dunia nzima. Lakini shafti nyingi za mashine hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni asilimia 0.4 hivi, mara mbili au zaidi ya chuma laini cha mageti na madirisha. Ukikichomelea kikiwa baridi, sehemu iliyo kando ya mchomeleo hupoa ghafla kwa sababu mwili mzima wa shafti unanyonya joto. Inakuwa ngumu, inakosa unyumbufu, na ufa unaanzia hapo. Unyevu ulio kwenye vijiti vya kuchomelea huleta haidrojeni inayozidisha tatizo. Kwa hiyo shafti inatakiwa ipashwe moto kwanza, itumike aina ya kijiti kama 7018 kilichotunzwa pakavu, kisha kazi iachwe ipoe polepole. Kwa hewa ya pwani kama hii yetu, pakiti iliyofunguliwa wiki iliyopita na kuachwa mezani si ya kuaminiwa kwa kazi hiyo. Asiyejua haya, shafti ikikatika tena baada ya mwezi atasema vyuma vya siku hizi feki.

Nimeyaeleza haya kwa urefu makusudi. Ni elimu ya darasani, ya hesabu za desimali, fizikia na kemia kidogo, na inafundishika kwa kijana wa kidato cha nne ndani ya muhula mmoja au miwili. Haidai digrii. Kinachotakiwa ni mtu wa katikati, yule tunayemwita fundi sanifu, anayejua kusoma jedwali na pia anajua kusimama mbele ya kerezo, mashine ya kukerezea vyuma. Wapangaji wa elimu ya ufundi hupenda kutaja uwiano wa mhandisi 1 kwa mafundi sanifu 5 na mafundi stadi 25. Siuchukulii uwiano huo kama msahafu, lakini unaonyesha pengo lilipo. Tanga ina wahandisi maofisini na ina wachomeleaji kila kona. Anayegeuza hesabu ya yule wa kwanza iwe kazi ya mkono ya yule wa pili ndiye adimu.

Haikuwa hivi siku zote. Mkonge uliingia mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche iliyosafirishwa kutoka Florida, ikapona 62 tu. Mwaka uleule ujenzi wa reli ulianza hapahapa Tanga kuelekea milimani Usambara. Kufikia 1964 Tanganyika ilikuwa inazalisha tani 230,000 hivi za singa kwa mwaka, nyingi kuliko nchi yoyote duniani, na mashamba makubwa yalikuwa na karakana zao, zenye kerezo na mafundi waliorithishana kazi. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha 1967, na miaka ya tisini ikakuta uzalishaji umebaki sehemu ndogo tu ya ule wa zamani. Katika hesabu za hasara hiyo huwa tunataja hekta na tani. Zile karakana hatuzitaji, wakati kwa maoni yangu ndizo zilizokuwa chuo kikuu cha ufundi cha mkoa huu.

Leo mkonge umerudi kinywani mwa viongozi. Lengo lililotangazwa lilikuwa kufika tani 120,000, na wakulima wadogo waliojiunga kwenye AMCOS, vyama vyao vya ushirika, za Hale, Magunga, Mwelya, Magoma na Ngombezi wanapanda. Majani yatakuwepo. Korona zitakazoyapokea ndizo za kuulizia, na nyuma yake, nani atazihudumia.

Vyuo tunavyo. Ipo shule kongwe ya Ufundi mjini, kipo chuo cha VETA, na vipo Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kimoja Handeni na kingine Muheza ambacho kwa bahati njema kinaitwa Kiwanda. Vyuo hivi vya wananchi vilianza mwaka 1975, Mwalimu Nyerere akiwa amechukua wazo kutoka Sweden: mtu mzima asome karibu na nyumbani kitu kitakachomsaidia kesho asubuhi. Kwa sura vinafanana sana na vyuo vya jamii vya Marekani, ambako kile cha kwanza, Joliet katika jimbo la Illinois, kilifunguliwa mwaka 1901. Huko kijana au baba wa watoto watatu anaweza kusoma teknolojia ya uzalishaji viwandani kwa miaka miwili, akapata shahada ndogo, akaingia kiwandani au akahamishia masomo yake chuo kikuu bila kuanza upya.

Sivionei wivu vyuo hivyo kwa mashine zao. Navionea wivu kwa mambo mawili. La kwanza ni masomo ya jioni. Fundi mwenye karakana yake Makorora hawezi kuifunga miaka miwili akakae bweni, atakula nini? Lakini anaweza kuja saa kumi na moja jioni, mara tatu kwa wiki, kujifunza kusoma mchoro na maikromita. VETA wana utaratibu mzuri wa kurasimisha ujuzi uliopatikana mtaani: fundi anapimwa, anaonekana anaweza, anapewa cheti. Nauunga mkono. Ila kinathibitisha anachokijua tayari. Asichokijua, ambacho ndicho kinachoiua shafti, anabaki nacho vilevile, sasa akiwa na karatasi mkononi.

La pili ni darasa la kuziba pengo. Chuo cha jamii cha Marekani kikimpokea mtu aliyeanguka hesabu, kwa kawaida hakimfukuzi; kinampa hesabu za kuanzia chini, humohumo chuoni. Tusidanganyane, wengi huko hukwamia kwenye madarasa hayo na hawamalizi. Lakini mlango unakuwepo. Kwetu ngazi imechorwa vizuri kwenye karatasi: ngazi ya kwanza hadi ya tatu za ufundi stadi, kisha stashahada, chini ya macho ya NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, na juu yake shahada. Kijana aliyemaliza uungaji vyuma kwa alama nzuri akitaka kupanda kwenda uhandisi mitambo, anaulizwa matokeo yake ya hesabu na fizikia ya kidato cha nne, yale aliyoyapata akiwa na miaka 17 kwenye shule isiyokuwa na mwalimu wa fizikia. Hapo ngazi inakatika. Chuo chochote cha Tanga kikiweka darasa hilo moja la kuziba pengo kitakuwa kimefanya zaidi ya kinachojenga jengo jipya la ghorofa. Baadhi ya vyuo vya wananchi vina hata vituo vya kulelea watoto, kwa hiyo mama mwenye mtoto mchanga hana sababu ya kuachwa nje ya karakana ya kerezo.

Nimeshaambiwa mara kadhaa kwamba haya yote yamepitwa na wakati, bomba la mafuta limefika Chongoleani na kazi ziko huko. Bomba lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, kipenyo chake ni inchi 24. Ukikadiria vipande vya mita 18 unapata maungio takriban 80,000, na kila ungio ni kazi ya kuchomelea yenye kukaguliwa kwa ukali. Vijana waliopata mafunzo wakafaulu mtihani wa 6G, ule wa kuchomelea bomba lililoinamishwa nyuzi 45 bila kuligeuza, wamefaidika, na ujuzi huo hauozi. Lakini kuchomelea bomba kunaisha bomba likishafukiwa. Mchomeleaji wa bomba ni yule waja leo waondoka leo. Kinachobaki miaka yote ni pampu, vali, injini na mifumo ya kupasha moto, kwa kuwa mafuta ya Uganda yana nta na lazima yabaki na joto la nyuzi 50 na ushee ili yatiririke. Kazi hizo za kudumu ni za fundi sanifu wa mitambo. Bandari nayo ni hivyohivyo: imechimbwa kina, gati limepanuliwa, na kila kreni inayoongezwa inakuja na beringi zake, gia zake na mifumo yake ya haidroliki.

Kisha kuna ugonjwa wa kompyuta. Kila andiko la kuboresha chuo ninaloliona linaanza na mashine ya kukereza inayoongozwa na kompyuta, CNC. Si mashine mpya sana hizi. Chuo cha MIT cha Marekani kilionyesha babu yao, mashine ya kwanza ya kuchonga iliyoongozwa kwa namba, mwaka 1952. Nazipenda, na mwanafunzi wa uzalishaji lazima azijue. Lakini mashine hiyo inatii maandishi. Ukiiandikia amri ya kusogea, G01, na kipimo, kisu kitakwenda pale ulipokiambia, hata kama ulipokiambia ni pabaya, na kitarudia kosa hilo mara mia bila kuchoka. Anayejua kwa nini shafti iwe 50.010 atapata shafti mia nzuri. Asiyejua atapata mia za kupeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ningepewa bajeti ya karakana moja, ningenunua kerezo za kawaida zilizo imara, chumba kidogo chenye kiyoyozi cha kupimia, maikromita za kutosha kila mwanafunzi kushika yake, vipande vya kusahihishia vipimo, na ndipo CNC moja. Kiyoyozi si anasa. Vipimo vya viwanda duniani huhesabiwa kwa nyuzi joto 20, na shafti ya chuma ya milimita 50 ikipimwa kwenye nyuzi 35 inakuwa imeshavimba kwa takriban milimita 0.009. Hiyo ni zaidi ya nusu ya nafasi yetu ya kukosea, imeliwa na jua la Tanga kabla fundi hajagusa kitu.

Pingamizi ninaloliheshimu ni jingine kabisa. Mwalimu mmoja aliniambia: chuo kikianza kuzalisha vipuri vya kuuza, mwanafunzi atageuzwa kibarua, atachonga pini moja mwaka mzima na kuondoka bila elimu. Ni hatari ya kweli. Hata hivyo, Tanga ina mfano wa kale wa shule iliyozalisha. Shule ya serikali ya Wajerumani hapa mjini ilikuwa na karakana zake, ikiwemo ya uchapaji, na gazeti la Kiongozi lililoanza mwaka 1904 lilichapwa huko. Nia ya Wajerumani ilikuwa kupata makarani na mafundi wa utawala wao, hilo halina mjadala. Lakini gazeti lilitakiwa litoke kwa tarehe yake na lisomeke, na kazi inayongojwa na mtu wa nje hufunza umakini ambao zoezi la kutupwa kapuni halifunzi. Dawa ya hofu ya mwalimu yule ni kuweka kikomo cha saa za uzalishaji kwenye ratiba, na kumzungusha mwanafunzi kutoka kwenye mchoro hadi kwenye kerezo hadi kwenye upimaji, asigande sehemu moja.

Fedha zipo mahali. Waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi wanalipa kodi ya kuendeleza ujuzi, iliyoshushwa mwaka 2023 hadi asilimia 3.5 ya mishahara, na theluthi moja tu ya makusanyo ndiyo inayokwenda kwenye ufundi stadi. Sehemu kubwa inagharimia mikopo ya vyuo vikuu. Kiwanda cha saruji cha Pongwe kinalipa ili kipate mafundi, kisha fedha nyingi zaidi zinakwenda kumsomesha mtu ambaye huenda asikanyage kiwanda maisha yake. Wabunge wa mkoa huu wangeweza kulisema hilo wakati wa bajeti. Sijui wanaogopa nini.

Wakati tukingoja, kuna kazi isiyohitaji bunge. Bodi ya Mkonge ina makao yake hapahapa mjini. Chuo kimoja na AMCOS moja wakubaliane. Darasa la kuchora lianze kwa kupima korona moja iliyosimama, kipande kwa kipande, na kutoa michoro yenye vipimo na nafasi za kukosea, itunzwe mahali ambapo chuo kingine kinaweza kuitumia. Mwaka wa pili wachonge pini na bushi, ambazo zikikosewa hasara ni ndogo. Wengine wachukue zile mashine ndogo za kulishwa kwa mkono, raspador, ambazo huko Brazil zimekata mikono ya wafanyakazi wengi, wazibunie kinga na njia ya kulishia jani bila kiganja kukaribia visu. Shafti zije baada ya pini kuthibitishwa na mkulima mwenyewe, zikiwa zimefanya kazi msimu mzima. Ngoma iachwe hadi mwisho kabisa, kwa sababu ngoma ambayo uzito wake haujasawazishwa ikizunguka kwa kasi inavunja beringi, na ikichomoka inaua.